Maswali na Majibu: Kabla Hujalipa, Iulize Kompyuta Yenyewe

Swali (Mwanjelwa, Mbeya): Shikamoo mwalimu. Nimepata kompyuta mpakato ya mtumba ambayo muuzaji anasema ni "i7 yenye RAM ya 8", lakini hataki nisakinishe chochote ndani yake. Nitahakikishaje kabla ya kulipa?

Jibu: Marahaba. Mwombe uiwashe kwa flashi yako yenye mfumo endeshi wa Linux Mint, kwa sababu mfumo huo huweza kufanya kazi ukiwa kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta, na muuzaji mwenye mali safi hana sababu ya kukataa. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike inxi -Fxz. Kwa ukurasa mmoja utaona prosesa, RAM, diski, kadi ya picha na betri. Usishtuke RAM ya gigabaiti 8 ikisomeka 7 na ushee, kwani sehemu yake hutengwa kwa ajili ya kerneli (moyo wa mfumo endeshi) na kadi ya picha.

Neno "i7" peke yake halikuambii kitu. Habari iko katika nambari inayolifuata. i7-3520M ni ya mwaka 2012 na ina viini 2 tu (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), ilhali i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini 4, kwa hiyo huyo anayedhaniwa kuwa mdogo anamwacha kaka yake mbali. Amri ya lscpu hutaja jina kamili la prosesa, nami huliamini kuliko stika iliyo karibu na kibodi, maana stika hubandikwa na mkono wa mtu.

Kisha pima afya kabla ya kasi. Amri ya upower -d huonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki: hivi karibuni niliwekewa mezani kompyuta ambayo energy-full-design ilisomeka 50 na energy-full 19, yaani betri imebakiwa na asilimia 38, ilhali mwenyewe aliisifu kuwa "inakaa na chaji". Kwa diski, sakinisha smartmontools kwenye flashi hiyohiyo, kisha uandike sudo smartctl -a /dev/sda. Utaona saa ambazo diski imefanya kazi, na kama ni ya kuzunguka, tazama mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, inayohesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshukiwa. Nambari iliyo mwishoni mwa mstari wowote kati ya hiyo ikizidi sifuri, dai punguzo kubwa au uende duka jingine.

Swali (Makambako): Napima kasi ya prosesa kwa programu ya sysbench, lakini asubuhi napata alama nyingi kuliko mchana. Je, kompyuta ni mbovu?

Jibu: Huenda ni nzima kabisa. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi ili isiungue, na asubuhi ya Juni huko kwenu feni haina kazi kubwa. Sakinisha lm-sensors inayosoma joto, fungua terminali ya pili uandike watch sensors, kisha utazame joto linavyopanda wakati jaribio linaendelea; kwa kawaida sysbench hukimbia sekunde 10 tu, kwa hiyo iongezee muda kwa --time=120 ili joto lipate nafasi ya kujionyesha. Chomeka chaja, ondoa hali ya kuokoa umeme, funga kivinjari, rudia mara tatu na uchukue alama ya katikati. Ukilinganisha na mwenzako, hakikisheni mnatumia toleo moja la sysbench na idadi moja ya --threads (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja), vinginevyo mnapimana kwa mizani mbili tofauti. Ikiwa alama zinaporomoka hata kwenye baridi, fungua mfuniko usafishe vumbi.

Swali (Kihesa, Iringa): Nimeandika faili la megabaiti 500 kwa amri ya dd kwenye diski ya kuzunguka, nikaambiwa kasi ni gigabaiti 1.4 kwa sekunde. Nimebahatika?

Jibu: Hapana, umepima RAM. Linux hupokea data kwenye RAM kwanza na kuiandika diskini baadaye, hivyo dd ilitangaza ushindi kazi ikiwa bado inaendelea. SATA yenyewe, yaani njia inayounganisha diski na kompyuta, katika toleo lake la tatu, haivuki takriban megabaiti 600 kwa sekunde. Ongeza conv=fdatasync, inayoifanya dd isubiri diski imalize, na nambari itashuka mahali pake. Mimi hupendelea programu ya fio pamoja na --direct=1 inayoiruka RAM, kwa kuwa huweza kupima pia usomaji wa vipande vidogo vilivyotawanyika, na huo ndio unaokuchelewesha kompyuta inapowaka. Chunga sana neno of= katika dd, linalotaja mahali pa kuandika, kwani ukiweka /dev/sda badala ya jina la faili, dd itaifuta diski bila kukuuliza.

Swali (Tukuyu): Sipendi terminali. Ipo programu inayofanana na CPU-Z, ile ya Windows inayoonyesha taarifa za prosesa?

Jibu: Ipo, inaitwa CPU-X.

Swali (Tunduma): Nimeuziwa flashi ya gigabaiti 512 kwa bei ya kutupa. Nitajuaje kama ni ya kweli?

Jibu: Sakinisha f3. Amri ya f3write huijaza flashi mafaili, na f3read huyasoma tena na kukuambia ni kiasi gani kimepotea. Flashi ya bandia hupokea kila kitu kwa heshima, kisha hutupa kinachozidi uwezo wake halisi. Tumia kompyuta mpakato yenye betri nzima ili umeme ukikatika kidogo kazi isisimame, kwani kwa kasi ya megabaiti 10 kwa sekunde uandishi peke yake utachukua takriban saa 14. Ianzishe jioni.