Programu ya Biblia ikikuambia "hakuna matokeo", jaribu hivi

Kama umeshawahi kuandaa somo usiku wa Jumamosi, unatafuta neno ambalo unajua kabisa limo kwenye Biblia, halafu programu inakujibu hakuna matokeo, basi wewe ni mwenzangu. Mimi nafundisha vijana kanisani na hii kitu imenikera mpaka kuna kipindi nilirudi kwenye Itifaki ya karatasi, kile kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalipo.

Shida ni kwamba programu nyingi wametengeneza watu wanaowaza Kiingereza, na maneno yetu sisi yanabeba mizigo mbele na nyuma. Chukua samehe. Ukiacha programu itafute neno kamili, Sala ya Bwana yenyewe inarukwa! Si unakumbuka Mathayo 6:12, "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu", sasa hapo samehe iliyokaa peke yake iko wapi? Na Petro pale 18:21 anauliza "nimsamehe", naye anaachwa.

Dawa yake nyota, hii alama *, inasimama badala ya herufi zozote. Ukiweka mbele tu, *samehe, utapata utusamehe lakini tuwasamehevyo itakukimbia, kwa hiyo weka pande zote mbili, *samehe*. Kuna programu hazikubali nyota mbele, hapo ingia kwenye mipangilio utafute palipoandikwa sehemu ya neno. Na bado msamaha hautakuja, huo uutafute kivyake, halafu Luka 6:37 ya Union Version, nayo inahusu kusamehe, hata ufanyeje haiji maana inasema "achilieni, nanyi mtaachiliwa". Ndo maana mtu akinitajia neno fulani limo mara ngapi kwenye Biblia huwa namuuliza kwanza, ulitafutaje?

Hayo mengine sijui mabano, sijui maneno mawili yaliyokaribiana, achana nayo mpaka somo likulazimishe. Zile video zinamwaga yote kwa mkupuo tena kwa Kiingereza cha mbio, bando linaisha na somo hujagusa. Alama za kunukuu hizo sawa, jifunze mapema, zinashika maneno yakiwa pamoja. Ila ukitafuta "ufalme wa mbinguni" ukakosa kwa Marko usianze kuhangaika na mipangilio, kwenye Injili ni Mathayo tu anayesema hivyo, Marko na Luka wao ni ufalme wa Mungu.

Namba za Strong ziwe za mwisho. Ni zile za James Strong, kitabu chake kilitoka 1890, kila neno la Kiebrania na Kigiriki lina namba yake. Biblia zetu za Kiswahili mara nyingi hazijawekewa, kwa hiyo fungua pembeni King James, Biblia ya Kiingereza, ile yenye namba hizo. Kusamehe kule kwenye Sala ya Bwana ni 863 ya Kigiriki, ukiitafuta itakuletea mpaka Mathayo 4:20, akina Petro wanaacha nyavu zao, maana Kigiriki ni neno hilohilo. Sasa soma mstari mzima kabla hujasimama mbele za watu, usije ukahubiri kwamba Petro alizisamehe nyavu.