Maswali ya Wasomaji: Skana ya Gari ya Kujiundia

SWALI: Nimeunganisha bodi ya ESP32 na moduli ya CAN (mtandao unaounganisha kompyuta za gari) ya SN65HVD230 ili nisome hitilafu za gari. Nyaya zimekwenda pini ya 6 na ya 14 za soketi ya OBD, ile ya uchunguzi wa gari. Natuma ombi, hakuna jibu, na muda mfupi baadaye bodi inajitoa kwenye mtandao. Nimekosea wapi?

Anza na nyaya mbili za upande wa bodi, kwa sababu hapo ndipo wengi huteleza. Mtu aliyezoea mawasiliano ya siriali hupishanisha TX (ya kutuma) na RX (ya kupokea). Kwenye CAN hazipishanishwi: TX ya bodi inakwenda TX ya moduli, RX kwa RX. Bodi husikiliza kila biti inayoituma yenyewe. Isipojisikia huhesabu makosa, na yakizidi hujitoa. Dalili uliyoeleza ndiyo hiyo hasa.

Kama hapo pako sawa, shika multimita. Zima gari, ngoja dakika kadhaa kompyuta zake zilale, kisha pima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14. Magari mengi hutoa karibu omu 60, maana mtandao una rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho. Toa fyuzi ya kifaa chako, kichomeke, upime tena kwenye skrubu za moduli. Ikisoma 40, kuna rezista ya tatu, nayo umeileta wewe. Itafute kwenye moduli: kidude cheusi kilichoandikwa 121, yaani 12 na sifuri moja. Ing'oe kwa pasi ya kulehemu. Juu ya meza ya majaribio ina kazi. Garini inadhoofisha mawimbi tu.

Kinachobaki ni kasi. Magari mengi hutumia kilobiti 500 kwa sekunde, machache 250. Usibahatishe kwa kutuma, kwani ukituma kwa kasi isiyo yake unavuruga mazungumzo ya kompyuta za gari. Weka bodi katika hali ya kusikiliza tu kwanza. Ukisikia kimya, usikate tamaa haraka: baadhi ya magari yana kompyuta ya lango (gateway), iliyo kati ya soketi na mtandao wa ndani, isiyotoa kitu mpaka iulizwe. Hapo, injini ikiwa inaunguruma na gari limesimama, uliza kasi ya injini kwa kutuma kwa anwani 7DF, inayosikilizwa na kompyuta zote, baiti hizi za heksadesimali (namba za msingi wa 16): 02 01 0C, na sifuri tano za kujazia. Jibu lenye 04 41 0C 1A F8 maana yake 1AF8, yaani 6904, gawanya kwa 4: mizunguko 1726 kwa dakika.

SWALI: Skana yangu inaandika kwamba kuna hitilafu 3, lakini zinazoonekana ni 2. Ya tatu inakwenda wapi?

Haijatoka kwenye kompyuta ya gari. Fremu moja ya CAN hubeba baiti 8, na ya kwanza huliwa na urefu wa ujumbe. Jibu la hitilafu huanza na 43 na idadi, kisha kila hitilafu huchukua baiti 2. Mbili zinaenea, ya tatu haina nafasi, kwa hiyo kompyuta hukata ujumbe vipande. Utaona kitu kama hiki kutoka 7E8, anwani ambayo kompyuta ya injini hujibu nayo:

10 08 43 03 01 71 03 00

Hiyo 10 08 inasema "ujumbe mrefu, baiti 8". Zimo P0171 na P0300, halafu kompyuta inangoja ruhusa yako. Itume upesi, kwa 7E0, anwani ya kompyuta hiyo peke yake, wala si 7DF: 30 00 00, ukajaze sifuri. Ndipo itakapokuja 21 04 20, na hitilafu yako ya tatu ni P0420. Jibu likitoka 7E9, ruhusa iende 7E1. Toa 8 kila mara.

Na tafadhali, kitufe cha kufuta kiwe mbali na kitufe cha kusoma. Amri 04 haifuti namba peke yake. Inafuta pia picha ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea, na fundi huihitaji hiyo kuliko namba.

SWALI: Rejeta (kidhibiti cha volti) ya 7805 inayolisha bodi inachemka haishikiki. Niiongezee bati la kupooza?

Itoe kabisa. Injini ikiwaka, pini ya 16 ya soketi ya OBD huwa na volti 14 hivi. Volti 9 zinazopotea, kwa milliampea 200, ni wati 1.8 za joto ndani ya kasha dogo. Weka moduli ya kushusha volti ya LM2596, na uirekebishe hadi volti 5 kabla ya kuiunganisha na bodi, maana ikija na volti za juu unachoma kila kitu. Kabla yake weka fyuzi ya ampea 1, kisha dayodi ya SMBJ24A kwenda ardhini kwa ajili ya miruko ya volti. Pini hiyo ina umeme hata gari likizimwa, kwa hiyo chomoa ukimaliza.

SWALI: Soketi yangu haina pini ya 6 wala ya 14, ila ya 7 ipo.

Gari lako linatumia laini ya K, si CAN, na moduli ya CAN haitakusaidia. Tumia chipu ya L9637D, na rezista ya omu 510 kutoka laini ya K kwenda volti 12. Kasi ni biti 10400 kwa sekunde, lakini aina ya ISO 9141-2 haijibu mpaka uiamshe kwa kutuma 33 ya heksadesimali polepole sana, biti 5 kwa sekunde. Siriali ya kawaida haishuki hadi hapo, hivyo ipandishe na kuishusha pini kwa programu, milisekunde 200 kila biti.