Muulize Mjomba Wino: Ziwa Moja Halitoi Mito Minne

Barua za mwezi huu karibu zote ni za ramani za nchi zisizokuwepo. Sijui ni likizo au ni mvua imewafungia watu ndani, ila mimi nimefurahi, nimechagua tatu.

*Mjomba habari za huko. Kijana wangu ana miaka 12, anaandika hadithi za nchi yake mwenyewe, ina wafalme saba na joka, sasa kaniomba nimchoree ramani manake mimi ndo mchoraji wa nyumba. Nimechora kisiwa, katikati nikaweka ziwa kubwa, ziwa linatoa mito minne inaenda kila upande mpaka baharini. Inapendeza lakini kila nikiiangalia naona kama uongo. Joka halinisumbui, inanisumbua ile mito. Nimekosea wapi? (Mama Mchoraji, Jinja)*

Dada yangu, uko Jinja halafu unaniuliza mimi habari za ziwa na mto, si jibu liko hapo chini ya daraja. Victoria inaingiziwa maji na mito kibao, Kagera ndo mkubwa wao, lakini kutoka maji yanatoka njia moja tu, Nile, hapo hapo kwenu. Na sio bahati. Ziwa ni kama beseni lenye ukingo usio sawa, maji yakijaa yanamwagikia pale ukingo ulipo chini kuliko kwingine, na yakishaanza kumwagika yanakula udongo wa pale, panazidi kuchimbika, ziwa linashuka kidogo, kule kwingine ambako maji yalikuwa yanakaribia kutoka kunabaki kukavu. Kwa hiyo lichagulie ziwa la kijana mlango mmoja. Ile mito mitatu iliyobaki usiifute, igeuze tu, ianzie milimani iingie ziwani, nusu ya kazi imekwisha.

Halafu angalia jinsi mito yako inavyoungana. Mto ukishuka unakusanya wenzake, haugawanyiki gawanyiki njiani, ukigawanyika mara nyingi ni kule mwisho kabisa, kwenye tope la pwani. Nimeona ramani nyingi za vijana mto unatoka mlimani mmoja unafika bondeni uko mitano, huo ni mti umepinduliwa, sio mto.

Ukitaka mto uwe na tabia we mfuate huo wa kwenu. Ukitoka Jinja unaingia Kyoga, pale mbio zimekwisha, ziwa halina kina, maji yametandaa kama uji kwenye sahani na mafunjo kila upande. Mbele kidogo mto wote unabanwa kwenye mwamba pale maporomoko ya Murchison, upana kama mita 7 tu, unaanguka kwa kelele, unagusa kona ya Ziwa Albert halafu huyo kaskazini. Kinamasi, mlango mwembamba, maporomoko, ziwa lingine. Hapo joka limepata nyumba na wafalme wamepata pa kugombania, wala hujabuni kitu.

Ila kama kijana kagoma, anataka lazima maji yaende pande mbili, basi mpe mto Katonga. Ndiyo, ule ule ambao daraja lake liliharibiwa na mafuriko 2023 tukazungushwa mbali kufika Masaka. Zamani sana ulikuwa unatiririka kwenda magharibi, halafu ardhi ya kule ikainuka wakati lile bonde kubwa la ufa linajitengeneza, mto ukakatiwa njia, maji yakarudi mashariki, na ndo katika kuinuka huko Victoria yenyewe ikapata beseni lake. Leo katikati ya Katonga kuna kinamasi tambarare, upande huu maji yanakuja Victoria, upande ule yanaenda Ziwa George. Kwa hiyo mto wa kwenda pande mbili upo, ila unataka sababu, na sababu yako ichore: kinamasi kirefu, mafunjo, hakuna mlima hapo.

Pwani ya kisiwa usiichore kwa mkono unaotetemeka makusudi, inatoka kama kitambaa cha meza. Chukua manila, chukua maharage mabichi ngumi moja, yamwage kutoka urefu wa kiwiko, usiyapange. Pitisha penseli kuzunguka lile fungu. Pale yalipolundikana weka milima, pale yalipojitenga mojamoja una visiwa kama Ssese yetu. Mimi nimeshafanya hivyo mara nyingi na sijawahi kupata pwani mbaya, na maharage yanarudi sufuriani.

*Mjomba nisaidie kabla sijatupa kila kitu. Nimechora ramani wiki nzima kwa peni, majina yote, miti midogo midogo, nikaanza kupaka bahari kwa rangi za maji, mistari yote ikavuja ikawa zambarau na karatasi ikajikunja kama chapati. Nimekosa nini? (Mwenye Hasira, Bombo)*

Pole sana, pole kabisa. Hii imenipata mimi mtu mzima. Nilikuwa nachora zawadi ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, ya binti ya dada yangu, ramani ya nchi ya mapenzi yao, mji wa walipokutana, mlima wa mahari (mrefu sana huo mlima), nikanunua peni duka moja mjini, muuzaji kaniapia haiogopi maji. Usiku wa kuamkia sherehe naweka bluu ya kwanza, mlima wa mahari ukaanza kulia. Tukapeleka blanketi.

Tangu siku hiyo siamini maneno ya peni wala ya muuzaji. Chora mistari miwili mitatu kwenye kipande cha karatasi ile ile, iache ikauke, pitisha brashi yenye maji juu yake na usugue kidogo. Ikitoka hata kivuli, peni hiyo ni ya kuandikia barua. Kinachofaa ni wino wa India, ule mweusi wa chupa, au peni zilizoandikwa zina pigmenti, lakini nazo zijaribu. Na usidharau biro! Wino wake ni wa mafuta, biro nyingi zinavumilia maji kuliko peni za bei, mstari wake ni mwembamba na kwa miti midogo midogo hakuna mshindani.

Utaratibu wangu ni huu, penseli kwanza, ukiibonyeza kidogo tu, halafu wino, halafu unaondoka, unaacha ulale usiku mzima, asubuhi ndo unafuta penseli na kupaka. Ukitaka karatasi ionekane ya kale iloweke kwenye chai kavu, ile isiyo na maziwa, lakini kabla ya wino, sio baada.

Kuhusu kujikunja, ile ni karatasi kukosa unene. Ya fotokopi ni gramu 80, hiyo ukiionyesha maji tu inakunja uso. Ya rangi za maji inaanzia karibu gramu 200, nzuri ni 300. Kama mfuko haujaruhusu, bandika manila yako kwenye ubao kwa selotepu ya karatasi pande zote nne, paka maji machache, usiibandue mpaka ikauke kabisa, na ikibaki na mawimbi ilaze kifudifudi chini ya vitabu vizito siku mbili.

Sasa bahari. Inua ubao upande wa juu kwa kitabu kimoja. Changanya rangi nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, manake ikiisha katikati hutaipata tena ile ile. Brashi kubwa, ijaze, vuta mstari mmoja kutoka kushoto mpaka kulia, utaona chini ya mstari maji yamejikusanya yananing'inia kama jasho kwenye kidevu. Mstari wa pili uanzie hapo, uyachukue yale maji ushuke nayo, hivyo hivyo mpaka chini, yaliyobaki uyanyonye na kona ya kitambaa. Na hapo ndo watu wanaharibu: wanaona sehemu haijakolea, wanarudi na brashi wakati karatasi iko nusu mbichi, panatokea doa lenye ukingo kama ua la koliflawa. Ondoka. Nenda kanywe chai.

*Mjomba, mwalimu wetu wa jiografia ameona ramani yangu ya kubuni akasema ramani ni ukweli tupu na kaskazini lazima iwe juu. Ni kweli? (Wa S.3, Arua)*

Mwalimu heshima yake, kwenye mtihani na ile ramani ya 1:50,000 mtii. Nje ya mtihani, mchoraji ramani al-Idrisi alimaliza ramani yake ya dunia 1154 na kusini ndo iko juu, kwa wachoraji wa Kiarabu wa enzi zile haikuwa ajabu.

Na habari ya ukweli tupu, mwulize mwalimu pole pole kama anaijua ile ramani ya 1856. Wamisionari wawili waliokuwa karibu na Mombasa, Erhardt na Rebmann, waliichora kwa kuwauliza watu wa misafara. Huyu kaona Nyasa, yule Tanganyika, mwingine kasikia habari za Victoria, wao wakaunganisha yote likawa ziwa moja kubwa lenye umbo la konokono asiye na gamba. Watu London walicheka, ila haikupita miaka mingi Speke, mvumbuzi Mwingereza, akaja mwenyewe, 1858 akafika kusini mwa Victoria. Afrika magharibi nako kulikuwa na Milima ya Kong, safu ndefu iliyoingizwa kwenye ramani mwaka 1798, ikanakiliwa na wachoraji karibu miaka mia, na haikuwepo kabisa.

Kwa hiyo kaskazini weka unapotaka, ila mshale uwepo, na skeli uwepo. Usiumie kichwa na kilomita, sema sentimita moja ni mwendo wa siku moja kwa miguu, mtu mwenye mzigo mpe kama kilomita 25. Ila shujaa wako akiruka sentimita kumi akafika chai yake bado ya moto, hapo mwalimu akikuwekea kosa mimi simo.