Kuishi kwa kuchora ukiwa Mtwara: nilivyoanza na nilipoumia

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kuchora vitabu na mabango bila kuhamia Dar, maana sura za watu unazochora kwa penseli zinasifiwa tu, hazilipwi. Inawezekana. Mimi niko Mtwara mjini, huu ni mwaka wa tisa nakula kwa kazi hii.

Zamani ilibidi uende. Chukua wachoraji wetu wakubwa: Edward Tingatinga alitoka Tunduru, George Lilanga naye ni mtoto wa huku kusini, na wote majina yao yalikulia Dar. Leo mchoro unakwenda kwa intaneti, wewe unabaki.

Hizo sura ziweke pembeni kwanza. Anayetafuta mchoraji wa kitabu cha watoto anataka kuona kama binti wa ukurasa wa 1 ni yuleyule wa ukurasa wa 12: amekaa, anakimbia, analia, amegeuka mgongo. Nilitunga kisa kifupi cha mtoto na bibi yake msimu wa korosho, nikachora kurasa 8. Hizo ndizo zilizonipa kazi ya kwanza.

Lakini kabla sijazituma nilimwonyesha mama mmoja wa Newala. Akatazama kimya, kisha akasema, "Mwanangu, korosho haichumwi, inaokotwa." Nilikulia mjini, nikamchora bibi anaangua mabibo mtini, na chini majani yamejaa. Akanieleza kwamba kabla ya msimu watu hupalilia chini ya mkorosho pakawa peupe, ili korosho ikidondoka ionekane. Nilirudia kurasa 3 nzima. Tangu hapo sichori kitu sijakiendea. Nikitakiwa ngalawa, nakwenda Mikindani kutazama zile mbao za pembeni zimefungwaje.

Vifaa visikutishe. Nilianza na simu na kalamu ya bei ndogo; ukipata kompyuta, programu ya kuchorea ya Krita ni bure. Ila tangu mwanzo fungua ukurasa wa ukubwa wa kuchapisha: A4 ni pikseli 2480 kwa 3508. Ukichora kadogo ukaja kukakuza, kitabuni katatoka na ukungu. Na bluu inayong'aa kwenye skrini hufifia kwenye karatasi, kwa hiyo omba nakala moja ya majaribio kabla hawajachapa zote.

Sasa pesa. Mteja mmoja alinilipa bango la unawaji mikono. Miezi baadaye nikakutana na mchoro wangu kwenye fulana na kalenda, na sikuwa na karatasi hata moja ya kushika. Iliniuma sana. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, lakini ukienda bila maandishi utahangaika. Siku hizi sianzi bila ukurasa mmoja uliosainiwa: picha ngapi, zitatumika wapi na kwa muda gani, marekebisho mara 2, ya 3 inalipiwa. Nusu ya pesa inaingia kabla sijashika kalamu. Anayekataa nusu namuaga kwa heshima, hata mwezi ukiwa mkavu, na miezi mikavu ipo, hasa mwaka wa kwanza. Usiache kibarua ulichonacho mapema.

Ukifikisha kurasa 3 zilete hapahapa nizipitie. Nitaangalia kwanza mikono ya wahusika wako, maana tuliozoea kuchora sura hukwama hapo.