Jibu: I/O (mawasiliano ya ishara za kuingia na kutoka) zinakatika tangu kamera iungwe kwenye swichi ya PLC (kompyuta inayoendesha mitambo)
Mkuu, PLC na draivu sita (vidhibiti vya mota) kwenye swichi isiyo na usimamizi (isiyo na mipangilio ya kubadilisha) si tatizo. Angalia kamera uliyoongeza: ikiwa inatuma video kwa multikasti (mara moja kwa wapokeaji wengi), swichi hiyo inazimwaga paketi zake kwenye poti zote. Draivu yenye prosesa ndogo inalemewa, inachelewa kujibu, PLC inakata muunganisho.

Kwanza badili kamera itume kwa yunikasti (kwa mpokeaji mmoja tu), hakuna gharama. Isipokubali, nunua swichi yenye usimamizi, ipe kamera VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi), washa IGMP Snooping (swichi ipeleke multikasti kwa wanaoihitaji tu) pamoja na Querier (inayouliza mara kwa mara nani bado anaihitaji). Hiyo Querier ndiyo wengi wanaisahau! Bila hiyo orodha ya wanachama inafutika baada ya dakika chache, na shida inarudi.

Na tafadhali, usifunge kebo mduara kwenye swichi uliyonayo sasa: brodikasti (paketi zinazotumwa kwa vifaa vyote) zitazunguka hadi mtandao wote usimame.