Unga wa njano hauondoi harufu ya banda

SWALI: Habari daktari. Naishi Kigamboni, kwenye nyumba tulizouziwa ndani ya uzio mmoja. Nyuma ya nyumba nina matetea nane ya Kuroiler na jogoo mmoja. Kamati ya wakazi imeniandikia barua: kanuni zinakataza mifugo bila kibali cha maandishi, jirani analalamikia kelele na harufu, na nimepewa siku 21. Jogoo siwezi kumtoa maana mayai yatakatika. Kuhusu harufu, muuza dawa alinipa unga wa njano, nawawekea kwenye maji kila wiki. Alisema unakausha kinyesi na unakinga kideri, lakini harufu bado ipo. Niongeze kipimo au nibadilishe dawa? Nilifikiria pia kuwapelekea wajumbe wa kamati mayai kumi kumi, labda watalainika. – Mama Wawili, Kigamboni.

JIBU: Mama Wawili, jogoo mtoe hata leo. Tetea anataga bila jogoo. Yai linaundwa tumboni mwake kwa saa kama 25 hivi, awepo dume au asiwepo. Ungekuwa unatotolesha vifaranga ningekuelewa, lakini kwa mayai ya kukaanga huyo bwana anakula chakula chako bure na kukugombanisha na majirani alfajiri. Matetea watatetea kidogo wakishataga, tena mchana. Kwa hilo hakuna jirani atakayekuandikia barua.

Barua yenyewe ni nzuri kuliko unavyoiona. Imesema "bila kibali cha maandishi", maana yake kibali kinaombwa. Usiende kwenye kikao kubishana kwamba Dar nzima watu wanafuga, au kwamba mwenyekiti wa mtaa hana neno. Sheria ndogo za halmashauri ni jambo moja, na kanuni ulizozikubali wakati unanunua nyumba ni jambo lingine. Ruhusa ya huku haifuti katazo la kule. Andika ombi fupi: kuku nane, jogoo hakuna, banda liko umbali gani na ukuta wa jirani, maranda yanabadilishwa lini, chanjo imetolewa lini. Wajumbe wakikuomba waje kuliona banda, waruhusu. Ila wasije wiki hii.

Sasa huo unga.

Kila mwezi naulizwa swali hili, na kila mara limeshafika kwenye "niongeze kipimo?" Hakuna anayeuliza kwanza unga wenyewe ni nini. Chukua pakiti yako usome yale maandishi madogo. Kwa rangi uliyonitajia na jinsi unavyouzwa, sitashangaa ukikuta oksitetrasaiklini, ndugu wa karibu wa dawa iliyokuwa kwenye vile vidonge vya rangi mbili ambavyo bibi zetu walivifungua na kunyunyizia vidonda. Ni antibiotiki. Inapigana na bakteria, tena baadhi tu. Haikaushi kinyesi, haijawahi. Kinyesi cha kuku sehemu kubwa ni maji hata akiwa mzima kabisa, na Dar kwa joto hili kuku anakunywa zaidi ili apoe, kwa hiyo anamwaga zaidi.

Harufu inayomkera jirani yako ni amonia. Inatoka pale kinyesi kinapolowa na kuoza, na chanzo cha ule unyevu mara nyingi ni chombo cha maji kinachovuja au kilichowekwa chini mno, kuku wanakipiga teke. Ingia bandani asubuhi kabla hujafagia. Chota maranda kiganjani karibu na chombo cha maji, yakaze ngumi, kisha fungua mkono. Yakibaki donge kama ugali, umeshampata mchawi wako. Yakisambaratika kama pumba kavu, banda halina tatizo, katafute harufu kwenye shimo la taka. Halafu chuchumaa mpaka pua yako ifike usawa wa pua ya kuku. Macho yakikuwasha hapo, kuku wako wanaishi na hiyo hewa usiku kucha, na ndipo mafua yanapoanza, na ndipo unakimbia dukani kununua unga mwingine.

Tiba yake haina faida kwa muuza dawa. Inua chombo kifike usawa wa mgongo wa kuku. Toa maranda yote yaliyolowa, mwaga makavu yenye kina cha vidole vinne, yageuze kwa reki kila baada ya siku mbili tatu, na masika yakiingia usingoje yalowe ndipo ununue mengine. Paa lisimwagie maji ukutani. Upande wa upepo acha wavu mtupu, usizibe kwa turubai kama wanavyofanya wengi wakidhani kuku wa Dar anasikia baridi. Kuku nane wanataka kama mita mbili za mraba za kulala na eneo la kutembea mchana. Ukiwabana zaidi ya hapo hakuna maranda yatakayokusaidia.

Kuhusu kideri, au mdondo kama wengine wanavyouita, hapa ndipo uvumilivu unanishinda. Kideri ni kirusi. Antibiotiki haiui kirusi, uweke kijiko kimoja au debe. Shubiri haiui. Pilipili haiui. Mwarobaini nao, pamoja na sifa zake zote, hauui. Mwaka juzi niliitwa kwenye nyumba moja yenye uzio kama wako. Mwenye nyumba alikuwa amewapa kuku unga huu kila Jumatatu kwa miezi minane, ratiba imebandikwa kwenye mlango wa jokofu, hajakosa wiki hata moja. Nilikuta kuku kumi na mmoja wamekufa na wawili shingo zimepinda, kinyesi cha kijani sakafuni. Mama wa watu ananiuliza, "Daktari, si nilikuwa nawakinga?" Chanjo hata moja hajawahi kuwapa. Muuza dawa hakumtajia chanjo, maana chupa ya chanjo inauzwa bei ndogo na haikurudishi dukani kila wiki.

Na chanjo nayo ina matapeli wake. Niliwahi kumkuta kijana Kariakoo anauza chupa za La Sota, chanjo ya kideri, zilizofungwa kwenye gazeti, barafu imeshakuwa maji vuguvugu kwenye mfuko. Hiyo ni chanjo hai, inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka kwako. Ikishapata jua la Kariakoo unanunua chupa tu. Kwa mfugaji wa nyumbani mimi napendelea chanjo ya I-2, ile inayotengenezwa hapa kwetu Kibaha. Inavumilia joto kuliko La Sota (kuvumilia si kuianika dirishani), na inatolewa tone moja kwenye jicho la kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Kuku nane ni kazi ya dakika kumi. Mshike, mlaze ubavu, tone likidondoka subiri apepese jicho ndipo umwachie. Kama utatumia chanjo ya kuweka kwenye maji, usitumie maji ya bomba moja kwa moja, klorini inaiua kabla kuku hajainywa. Kuku anayeumwa usimchanje, ngoja apone.

Hujaniuliza kuhusu mayai, lakini hili linanikosesha usingizi kuliko kuku wenyewe. Dawa unayompa tetea kila wiki, kiasi chake kinaingia kwenye yai, na yai linaingia kwa hao watoto wako wawili. Ndiyo maana pakiti halali zina siku za kusubiri kabla ya kula mayai, na nyingine zimeandikwa wazi kwamba si za kuku wanaotaga. Wewe unayerudia kila wiki, hizo siku za kusubiri huzimalizi kamwe. Halafu bakteria wanaobaki hai bandani ni wale waliozoea dawa. Siku mtoto atakapougua kwa bakteria wa aina hiyo, daktari wa watu ataandika dawa na haitafanya kazi, na hakuna atakayekumbuka banda la kuku. Ukizidisha hiyo kwa kila uwanja wa nyuma kuanzia Mbagala mpaka Bunju wenye kuku kumi na pakiti ya njano, utaelewa kwa nini wenzetu wa hospitali wanalalamika. Na wauzaji wanaofungua kopo kubwa na kukupimia unga kwenye kimfuko kisicho na lebo, mtu wa aina hiyo usimnunulie hata vitamini. Kuku akiumwa, tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Mzoga mmoja mbichi ukimpelekea akaupasua utamwambia mengi kuliko picha kumi za WhatsApp.

Kwa hiyo usiongeze kipimo na usibadilishe dawa. Acha kabisa, leo. Una siku 21: wiki ya kwanza jogoo aondoke, chombo cha maji kiinuliwe na maranda yabadilishwe, ya pili uwachanje, ya tatu uikaribishe kamati. Mayai ya wajumbe subiri kwanza. Anza kuhesabu siku zilizoandikwa kwenye pakiti tangu siku ya mwisho ulipowapa unga. Kama pakiti haina siku hizo, au inasema si ya kuku wanaotaga, nipigie kabla hujampa mtu yai lolote.