MX-5 kwa mtu wa futi sita, safari za Mtwara–Lindi

Kaka, umeuliza kama Mazda MX-5, kigari cha michezo cha viti viwili chenye paa la kufunguka, itakufaa kwenda na kurudi Lindi kila wiki kwa urefu wako wa futi 6. Umbo la gari liweke kando kwanza, kaa ndani paa likiwa limefungwa.

Kanyaga klachi mpaka mwisho: goti libaki limekunjika kidogo. Sasa, mabega yakiwa yamegusa kiti, nyoosha mkono juu ya usukani. Kifundo cha mkono ndicho kitue kwenye ukingo wa juu. Vikifika vidole tu, uko mbali. Hapa ndipo warefu wengi wanakwama, maana kabla ya toleo la 2019 usukani wa gari hili hauvutiki kuja kwa dereva. Ukirudisha kiti nyuma kuokoa magoti, mabega yanaachia kiti, na zaidi ya kilomita 100 shingo itakuwaka moto. Kusimamisha mgongo wa kiti kunasaidia kidogo, ila kichwa kinapanda. Kati yake na paa ipite ngumi.

Kiunoni jaribu taulo lililokunjwa. Usiondoke hapo kabla ya dakika 20, maumivu hayaji mapema.